Kubadilisha Linux si lazima kuanze kwa kufuta diski

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu fundi aliyeandika gazetini mwenu kuhusu kompyuta zenye Linux ya zamani, yaani mfumo unaoendesha mashine badala ya Windows. Ushauri wake, nikiufupisha, ni huu: usijisumbue, futa diski nzima, weka Linux nyingine, anza upya. Kwa mtu ambaye kompyuta yake ni ya kutazamia mpira na kusikilizia muziki, sina neno. Lakini kwetu sisi wenye sekretaria za mtaani ushauri huo ni hasara, na hasara yenyewe inawaangukia wateja ambao hata hawakuulizwa.

Nina sekretaria hapa Kadutu, Bukavu. Kwa wasomaji wa mbali, sekretaria kwetu ni kibanda cha kuchapa, kutoa kopi, kuskani na kuprinti. Nilianza na mashine ya kuandikia, ile ya utepe mweusi na mwekundu. Leo nina kompyuta nne na printa ya leza. Wateja wangu ni wanafunzi wanaochapisha TFC zao (kazi za kumalizia masomo), wajenzi wanaotaka devi (makadirio ya gharama) ya nyumba, makanisa yenye programu za harusi, familia zenye dosie za urithi, na akina mama wa likelemba (mchango wa kupokezana) wanaotaka orodha yao iwe safi. Wengi wao hawana kompyuta nyumbani. Fleshi zao zimejaa virusi, au zimepotea, au zimeazimwa na shemeji. Kwa hiyo faili inabaki kwangu. Mtu anaweza kupotea mwaka mzima, kisha siku moja anasimama mlangoni: "Mama, ile barua yangu bado iko?" Ikiwepo, tunabadilisha tarehe, ananilipa, anaondoka ameridhika. Kuchapa kunalipwa mara moja tu. Anayerudi anarudi kwa sababu nimemtunzia.

Sasa fikiria fundi anafika kwenye kibanda kama hiki na fleshi yake mfukoni, anasema "nawasafishia mashine". Jirani wa biashara yangu alisafishiwa hivyo. Fundi hakuuliza kitu, akabonyeza ile sehemu inayosema tumia diski yote, akaenda kunywa chai. Aliporudi mashine ilikuwa nyepesi na nzuri, na TFC za wanafunzi waliokuwa wanasubiri siku ya kutetea zilikuwa zimeondoka pamoja na Linux ya zamani. Wanafunzi hao walichapa upya kutoka kwenye karatasi zenye masahihisho ya kalamu ya mwalimu, wale waliokuwa nazo bado. Fundi alikuwa ameshalipwa.

Tuanzie kwenye sababu ya kubadilisha, kwa maana hata hapo mwandishi wenu alipita haraka.

Kompyuta zangu mbili ni zile ndogo za mapajani ambazo miradi iligawa zamani, zenye prosesa (ubongo wa mashine) ya aina ya zamani ya biti 32. Zinadharauliwa, lakini wakati wa delestaji (mgao wa umeme), sekretaria nzima ikiwa giza, ndizo zinazobaki zinafanya kazi kwa betri, na kuchapa barua hakuhitaji nguvu nyingi. Zilikuja na Lubuntu 18.04, ndugu nyepesi ya ile Linux iitwayo Ubuntu, ya Aprili 2018. Ubuntu yenyewe ya toleo hilo ilitunzwa miaka 5, lakini Lubuntu ilipewa miaka 3 tu, ikaishia Aprili 2021. Na kupanda kwenda toleo jipya kulishafungwa, kwa sababu kuanzia Ubuntu 19.10, ya Oktoba 2019, mashine za biti 32 ziliachwa. Ukikaa hapo, kila mwezi kuna tovuti moja zaidi inayokataa kufunguka, na kila tundu la usalama linalogunduliwa linabaki wazi.

Kwa hiyo dawa haikuwa kupandisha toleo. Ilibidi kuhamia aina nyingine ya Linux, yaani distro nyingine kama mafundi wanavyosema. Tulichagua Debian, ambayo ndiyo mama wa Ubuntu. Ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, miaka kumi na moja kabla ya Ubuntu. Debian 12 ilitoka tarehe 10 Juni 2023 na bado ilikuwa na kisakinishi (programu ya kuiweka kwenye mashine) cha biti 32. Debian 13, ya tarehe 9 Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli (kiini cha mfumo) ya mashine hizo. Hivyo zile ndogo zitamalizia maisha yao kwenye Debian 12, inayotunzwa kwa miaka 5 ukijumlisha ile 2 ya utunzaji mrefu, na kompyuta mbili kubwa zinaendelea na 13.

Tukaja kwenye swali lenyewe: unawezaje kuing'oa Lubuntu na kuweka Debian mahali pake, kwenye diski ileile, bila kugusa kazi za watu? Ni kama kubadilisha mabati ya nyumba huku wenyewe wamo ndani. Inafanyika, mradi fundi ajue msumari gani unashika bati na upi unashika kitanda.

Kuna njia ya mkato ambayo vijana wanaipenda mno, na afadhali niitaje mapema ili nimwombe kila anayenisoma aiache. Wanafungua ile orodha ya ghala ambako mashine inachukua programu, wanafuta majina ya Ubuntu, wanaandika ya Debian, kisha wanaamuru mashine ijipandishe. Wanasema zote mbili zinatumia apt (programu ya kuweka programu nyingine) na vifurushi vya deb, basi ni ndugu. Ni ndugu kweli, lakini vifurushi vya kila mmoja vimejengwa nyumbani kwake, kwa maktaba za toleo lake na namba zake. Apt kwa kawaida haikubali kushusha namba ya kifurushi, kwa hiyo kile ambacho namba yake ya Ubuntu ni kubwa kuliko ya Debian kinabaki palepale. Unaishia na mashine nusu huku nusu kule, na siku itakayogoma hakuna atakayejua ni ya nani. Debian wenyewe hawaungi mkono kushusha matoleo. Mpwa wangu, ambaye ndiye mikono yangu katika mambo haya, ana neno baya kwa mashine za namna hiyo, gazetini halifai.

Nikiri lakini kwamba ziko distro ambazo njia hiyo inafaa, na ndiyo sababu vijana wanadanganyika. Tarehe 8 Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba CentOS Linux 8, distro ya seva (kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine) ambayo watu waliahidiwa kutunziwa hadi 2029, ingefungwa tarehe 31 Desemba 2021. Seva ngapi duniani zilibaki zinatazamana! Ndani ya miezi michache zikazaliwa AlmaLinux, iliyotoka Machi 2021, na Rocky Linux, iliyotoka Juni mwaka uleule. Rocky ilianzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa walioanzisha CentOS, na jina alilitoa kwa mwenzake marehemu, Rocky McGaugh. Kila moja ilikuja na skripti (faili ya amri) yake ya kuhama: unaiendesha seva ikiwa inafanya kazi, inabadilisha ghala, inaweka vifurushi vipya juu ya vya zamani, unaiwasha upya, umeshahama. Mpwa wangu aliwahi kuhamisha seva ya ofisi moja hapa mjini hivyo, na wafanyakazi hawakugundua. Inawezekana kwa sababu zote tatu zilifuata mfumo mmoja, ule wa Red Hat, kifurushi kwa kifurushi. Kati ya Ubuntu na Debian makubaliano hayo hayapo.

Nirudi kibandani kwangu. Kwenye zile kompyuta mbili kubwa kazi ilikuwa nyepesi hadi inachosha kusimulia. Zamani mpwa wangu alizigawia diski patisheni (sehemu) mbili: moja ya mfumo, nyingine ya /home, mahali ambapo faili za watu zinakaa. Kisakinishi cha Debian kikifika kwenye kugawa diski, unachagua kugawa kwa mkono, unasema patisheni hii ni ya mfumo, ifomatiwe, yaani ifutwe na kuandaliwa upya; ile ni /home, ihifadhi data iliyopo. Unasoma skrini mara mbili kabla ya kukubali. Basi.

Zile ndogo ndizo zilikuwa na kazi, kwa sababu mradi uliozigawa uliweka kila kitu ndani ya patisheni moja. Mfumo na TFC vimelala kitanda kimoja. Hapo ndipo fundi mvivu anafomati. Mpwa wangu alifanya jambo ambalo nililitazama kwa macho yangu, na ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu.

Aliwasha mashine kwa fleshi yenye Linux ndogo inayojiendesha yenyewe, ili ile ya kwenye diski iwe imelala. Akafungua patisheni, na pale juu kabisa akaunda folda mpya, akaiita zamani. Kisha akahamishia humo folda zote za mfumo: bin, boot, etc, lib, opt, root, sbin, usr, var, moja baada ya nyingine. Folda ya home hakuigusa. Mimi nilidhani itachukua usiku kucha, maana nimezoea kungoja faili zikinakiliwa kwenda kwenye fleshi. Haikuchukua muda wa kumeza mate. Akanieleza kwamba kuhamisha folda ndani ya patisheni ileile si kunakili. Data haiondoki ilipo, jina la njia tu ndilo linaandikwa upya. Iwe megabaiti kumi au gigabaiti mia, ni sawa.

Baada ya hapo diski ilikuwa na folda kubwa mbili, home na zamani, na hakuna Linux ya kuiwasha. Akatumia programu inayoitwa debootstrap, ambayo kazi yake ni kujenga Debian ya msingi ndani ya folda yoyote unayoionyesha, hata ukiwa ndani ya Linux nyingine. Akaionyesha mzizi wa patisheni ileile. Vifurushi havikutoka kwenye intaneti. Tulikuwa tumeshusha picha ya DVD ya kwanza ya Debian usiku, karibu gigabaiti 4, kwa sababu mega za usiku ni nafuu. Tukailinganisha na ile namba ndefu ya sha256 inayotolewa na Debian, maana faili iliyokatika njiani inaweza kukusumbua siku nzima bila kukuambia kisa. Kisha akaingia ndani ya mfumo mpya kwa amri ya chroot, akaweka kerneli, akaandika fstab (orodha ya patisheni za kufungua mashine ikiwaka), akaweka GRUB (programu ya kuwashia mfumo) kwenye diski, akaunda watumiaji. Tukawasha.

Mnisamehe nikikaa hapo kidogo, kwa sababu uzuri wa njia hii mwandishi wenu hakuutaja hata kwa bahati. Kwanza, patisheni haikufomatiwa, kwa hiyo UUID yake, ile namba ndefu ambayo Linux inaitambulia, ilibaki ileile, na mstari wa fstab ya zamani ulinakiliwa jinsi ulivyo. Pili, umeme ukikatika katikati na betri ikaisha, faili za wateja bado ziko palepale kwenye home. Unarudisha fleshi unaendelea ulipoachia. Kabla GRUB mpya haijaandikwa, unaweza hata kughairi, ukazirudisha folda kutoka zamani mahali pake na Lubuntu ikaamka kama hakuna kilichotokea. Tatu, mfumo wa kale wote bado unao, unaweza kuufungua na kuchungulia. Ilipofika zamu ya printa hatukukisia. Mipangilio yake ilikuwa ndani ya zamani/etc/cups. Maneno ya siri ya Wi-Fi yalikuwa ndani ya zamani/etc/NetworkManager. Kuna distro moja, NixOS, iliyofanya wazo hili kuwa sehemu yake rasmi: unaweka faili moja yenye jina la NIXOS_LUSTRATE, na mashine ikiwaka inasukuma mfumo wote wa kale ndani ya folda inayoitwa old-root. Kwa hiyo hatukubuni uchawi wa Kadutu. Kinachotakiwa ni nafasi ya gigabaiti kadhaa kwenye diski ili mifumo miwili ikae pamoja kwa muda. Ukiridhika, unaifuta folda ya zamani. Sisi tuliiacha ikae hadi kila aina ya kazi ya kibandani ilipopita kwenye mfumo mpya angalau mara moja.

Wenye maduka na shule wajihadhari na jambo moja. Si data zote ziko /home. Ukiwa na programu ya ankara au ya pointi za wanafunzi inayotumia MariaDB au MySQL (programu za kuhifadhi data), data yake inakaa /var/lib/mysql, na /var ni folda ya mfumo. Anayehifadhi /home peke yake anafikiri amemaliza. Na kuchukua folda hiyo mbichi na kuitupa ndani ya toleo jipya ni kamari. Toa kwanza nakala kwa mysqldump wakati mfumo wa zamani bado uko hai, kisha uipakie kwenye mpya. Kazi za ratiba zile za cron nazo ziko chini ya /var/spool/cron.

Kuhusu watumiaji. Linux haimjui Mama fulani kwa jina, inamjua kwa namba. Kwenye Ubuntu na Debian mtumiaji wa kwanza anapewa 1000, wa pili 1001. Kwangu mimi ni 1000 na binti anayenisaidia ni 1001. Ukimsajili binti kwanza kwenye mfumo mpya, anapewa 1000, na folda yangu yote inakuwa mali yake huku mimi nikifungiwa nje ya faili zangu mwenyewe. Hakuna kilichoharibika, lakini ukiwa na foleni ya wateja utadhani ni mwisho wa dunia. Kabla ya kuanza, andika kwenye karatasi nani ana namba gani, halafu uwasajili kwa namba hizohizo.

Kuna vitu vidogo ambavyo fundi anaviona vya kitoto na ndivyo vinavyotupotezea wateja. Kibodi zetu ni za Kifaransa, AZERTY. Mfumo mpya ukiachwa kwenye kibodi ya Kiingereza, ukibonyeza A inatoka Q, ukibonyeza M inatoka nukta mkato, na namba ambazo sisi tunazipata kwa kushikilia kitufe cha kupandisha zinageuka alama za ajabu. Kwenye neno la siri huoni kinachoandikwa, unaona vinukta tu. Basi mtu analaani Linux mpya kwamba imemsahau, kumbe anaandika sahihi kwenye kibodi isiyo sahihi. Faili ya kuangalia ni /etc/default/keyboard; pale kwenye XKBLAYOUT iwe fr.

Saa pia. Ukichagua nchi yetu utaulizwa eneo la saa. Wengi wanabonyeza Kinshasa kwa sababu ndiyo mji mkuu, na risiti zao zote zinachelewa saa moja. Bukavu tunafuata saa ya mashariki. Kwenye orodha chagua Africa/Lubumbashi. Na kama betri ndogo ya ndani ya mashine imekufa na kalenda imerudi miaka nyuma, apt itakataa kabisa kusoma ghala, itasema orodha bado haijaanza kuwa halali. Rekebisha tarehe kwanza kabla hujamtafuta mchawi.

Fonti ndizo zilizonipa shughuli kuliko yote, na hapa nazungumza kama mchapaji. TFC ina jedwali la yaliyomo, ina namba za kurasa ambazo mwalimu ameshasahihisha. Ukiifungua kwenye mfumo usio na Times New Roman wala fonti yenye vipimo vyake, mistari inasogea, ukurasa wa 40 unaangukia 41, na kichwa cha sura kinabaki peke yake chini ya ukurasa. Fonti zilizowekwa /usr/share/fonts zinaondoka na mfumo wa zamani. Zile ulizoziweka ndani ya home yako, kwenye .fonts au .local/share/fonts, zinabaki. Liberation Serif ina upana sawa na Times New Roman, na Carlito ina upana sawa na Calibri. Hakikisha zote mbili zipo kabla hujaprinti kazi ya mtu. Mimi nilifungua TFC moja ndefu kwenye mashine ya zamani na hiyohiyo kwenye mpya, nikaziweka kando kwa kando, nikageuza ukurasa kwa ukurasa. Mpwa wangu alicheka. Acheke. Yeye hatazamani na mwanafunzi asubuhi ya kutetea.

Folda zilizofichwa, zile zinazoanza na nukta, zinabeba tabia za programu zako, na nyingi zinahama vizuri. LibreOffice yangu ilifungua ikiwa na mipangilio yangu yote. Firefox ina kanuni yake: tangu toleo la 67, la mwaka 2019, haikubali kufungua wasifu (folda ya alamisho na mipangilio yako) uliokwisha kutumiwa na toleo jipya zaidi. Debian inatumia Firefox ya utunzaji mrefu, ambayo huenda ikawa ya nyuma kuliko uliyokuwa nayo, kwa hiyo sasisha kwanza kabla ya kuifungua, au toa alamisho na maneno ya siri mapema uyaweke kando.

Mwenye mashine yenye Windows na Linux pamoja asipige kelele akikuta Windows haimo kwenye menyu ya kuwashia. Haijafutwa. GRUB za siku hizi, pamoja na ya Debian 12, hazitafuti mifumo mingine mpaka uziruhusu. Mstari mmoja ndani ya /etc/default/grub, ule wa GRUB_DISABLE_OS_PROBER uwe false, kisha amri ya update-grub, na itarudi.

Najua fundi wenu atanijibu: na diski ikifa katikati ya hayo yote? Nakubaliana naye kabisa, na hapo sina ubishi. Kubadilisha mahali palepale hakuondoi haja ya nakala ya akiba. Sisi tulinakili home zote kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote, tukafungua faili za hapa na pale kuona kama zinasomeka, na diski hiyo ikaenda kulala nyumbani, mbali na kibanda. Tahadhari: diski ya nje ikiwa imefomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, haitunzi wenye faili wala ruhusa zake, na inakataa faili inayozidi gigabaiti 4. Ifomati kwa ext4, mpangilio wa Linux, au funga kila kitu ndani ya faili za tar (mafungu ya faili) zilizokatwa vipande. Ila tofauti yangu na yeye ni hii: yeye akifuta diski, nakala hiyo inakuwa ndiyo tumaini la pekee. Nakala pekee, kwenye diski ya nje ya bei rahisi, iliyobebwa ndani ya mfuko kwenye barabara zetu hizi za mashimo. Kwa njia yetu nilikuwa na faili mahali pawili muda wote wa kazi.

Atasema pia kwamba mfumo uliowekwa upya kabisa ni msafi zaidi. Kwa mashine iliyoingiliwa na wezi wa mtandaoni, au diski inayoanza kutoa makosa ya kusoma, nakubali: hapo badilisha diski, anza na mpya, usibembeleze. Mashine zangu hazikuwa na ugonjwa huo. Zilikuwa zimezeeka tu kwa upande wa programu.

Nina ombi kwa mashirika yanayoleta kompyuta kwenye shule na vyama vya mtaani, maana mengi yao yanasoma gazeti hili. Mkiweka Linux, tengeni /home kwenye patisheni yake siku ileile ya kwanza. Kisakinishi cha Debian kinalo chaguo hilo tayari, ni kubonyeza tu. Na mnapokabidhi mashine, acheni karatasi moja yenye jina la distro na toleo lake, mwezi ambao utunzaji wake utaisha, watumiaji na namba zao, na printa iliyounganishwa. Karatasi iprintiwe, isiwe faili ndani ya kompyuta ileile. Sisi wa sekretaria tutaiprinti kwa bei ya kawaida.

Wenu,
Mama wa sekretaria, Kadutu, Bukavu